Mwanamume Aliyebana Pumzi

Kitu cha kwanza alichokigundua Pui-yin ni kwamba mtu aliyeketi kando yake hakuwa akipumua.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Ilikuwa Jumamosi mchana, msimu wa Halowini, sikukuu ya kujivika sura za mizimu, katika jumba la zamani la sinema la Yau Ma Tei, na filamu ilikuwa ile ya maiti warukao, ya kuchekesha na kutisha, iliyotengenezwa kabla Pui-yin hajazaliwa. Vijana walikuja wamevaa kama maiti hao, majoho ya maofisa wa kale, karatasi za njano za hirizi zimebandikwa kwenye vipaji vya nyuso zao. Walijua kila neno, wakalitamka kabla ya waigizaji. Kwenye pazia, maiti mnyonya damu alikuwa ameingia chumbani, mikono mbele, akinusanusa. Maiti wa namna ile haoni. Humjua aliye hai kwa pumzi zake. Basi waigizaji walikuwa wamejibana pua, mashavu yamevimba, na ukumbi mzima unacheka. Yule wa kando hakucheka. Alibana pumzi pamoja nao, akazidi kuibana mpaka shingo ikaiva.

"Kaka," Pui-yin akanong'ona, naye si mtu wa kusemesha wageni. "Ameshaondoka. Pumua."

Akapumua kwa kishindo. Watu wa mstari wa mbele wakageuka. Yeye akajikuna kisogo, akamwambia, "Asante, dada. Umeniokoa."

Jina lake lilikuwa Wing-lok, fundi wa lifti. Alivaa shati la kazi la buluu lenye doa la grisi kwenye kola, na viatu vizito ambavyo havikupata pa kukaa kati ya viti. Filamu ilipokwisha walijikuta wamesukumwa pamoja hadi nje, kwenye kibanda cha mipira ya samaki ya mchuzi wa bizari. Akamweleza kwamba filamu ile aliizoea utotoni, akiitazama na bibi yake, na kwamba hata sasa, akishuka kwenye shimo la lifti lenye giza, hubana pumzi bila kujua. Pui-yin akamwita Mzamiaji. Jina likamganda.

Kisha Wing-lok akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Kuna mahali maiti wanapanga mstari, wanaruka kuelekea mlangoni, na wa nne anakosea, anagonga kizingiti, kofia inamwanguka. Watu wote walikufa kwa kicheko. Kwa nini yeye alifuta machozi?

Pui-yin aligeuza kijiti cha mipira ya samaki mkononi, akakigeuza tena.

"Yule wa nne ni baba yangu."

Watengeneza filamu walimchukua angali kijana kwa sababu aliweza kuruka bila kukunja magoti. Alikufa Pui-yin akiwa mdogo, na nyumbani kulibaki picha zake, zote amesimama wima. Hapo tu, kila Halowini, ndipo alipomwona akitembea, kama kuruka kule ni kutembea. Wing-lok hakusema pole. Alimuuliza kama watakuja pamoja mwaka ujao.

Walipendana kama wanavyopendana watu wenye kazi: kwa simu, kwa nusu saa ya chai ya maziwa, kwa kusimama bega kwa bega ndani ya treni. Wing-lok alipiga simu akiwa juu ya paa la lifti, sauti yake ikirudi kama ya mtu aliye kisimani. Alimuuliza mpenzi wake amekula nini, amevaa nini. Pui-yin alijibu sweta lake lile la rangi ya haradali, naye akamwambia mahakama itamshtaki kwa kulivaa mfululizo. Pui-yin alicheka peke yake, kichwa kimeinama juu ya meza ya kazi.

Meza hiyo ndiyo aliyomficha. Alimwambia tu kwamba yeye na mama yake wanatengeneza vitu vya karatasi, naye Wing-lok akadhani ni taa za sikukuu. Kumbe duka lao lilikuwa Hung Hom, mtaa wa mazishi. Walitengeneza nyumba za karatasi, magari ya karatasi, watumishi wa karatasi, vya kuchomwa ili vimfuate marehemu. Pui-yin alijua kinachotokea watu wakisikia. Alishaona mikono ikirudishwa mfukoni. Shuleni, kabla hajaiacha, kuna msichana aliyekataa hata kuazima kifutio chake.

Na duka lile lilikuwa na mwiko mmoja uliomwingia Pui-yin kuliko hata jina lake. Mteja akiondoka, hakuambiwa karibu tena, hakuambiwa tutaonana. Katika kazi ile, ni kama kumwombea mtu msiba mwingine wa kumrudisha dukani. Mteja alipewa mzigo wake, akageuka, na mwenye duka naye akageuka. Ndivyo alivyoagana na watu wote maishani mwake. Simu ikiisha alisema haya, akakata. Kituoni aligeuka kwanza, akaenda, asiangalie nyuma.

Wing-lok alizihesabu moyoni kwaheri hizo kavu, na kila moja ikampunguzia tumaini. Kiangazi kilipofika akapata kazi nchi ya mbali, ya baridi, mkataba wa miaka miwili wa kuanza mwishoni mwa mwaka. Alimwambia kwenye ngazi za kituo cha treni, watu wakiwapita kulia na kushoto.

"Nikienda, Pui-yin, tutaonana tena?"

Alitaka jibu moja tu. Angelipata, huenda asingeenda. Pui-yin alifungua mdomo. Akamwona moyoni baba yake akitoka asubuhi ile ya mwisho ya uhai wake, na yeye, mtoto asiyejua, akimpungia mlangoni akisema neno hilohilo, na mama akimziba mdomo akiwa amechelewa. Akafunga mdomo. Akageuka, akashuka ngazi.

Wing-lok hakupiga simu tena. Pui-yin alibaki na simu yake kando ya gundi, ikilia kwa wateja tu. Alikula uji wa ufuta mweusi peke yake. Sweta la haradali akalitundika ukutani pale dukani, hakulivaa.

Majira ya kupukutika majani yalipoanza, mzee aliyemfundisha Wing-lok ufundi akafariki. Wenzake wakakubaliana wamchomee lifti ya karatasi, mzee asije akapanda ngazi huko aendako, wakamtuma Wing-lok Hung Hom kuiagiza. Aliingia duka la kwanza lililokuwa wazi. Mama mmoja mnene mwenye miwani akachukua vipimo, akasema binti yake ametoka kupeleka mzigo, lakini ana mkono mzuri, ataitengeneza mpaka vitufe. Wing-lok aliinua macho, akaliona sweta ukutani.

Alipofika mlangoni, kwa adabu tu, akamwambia mama tutaonana. Mama akainua kiganja haraka.

"Usiseme hivyo humu, mwanangu. Sisi hatumwambii mtu hivyo. Binti yangu alimwambia baba yake neno hilo mara moja tu, akiwa mtoto, na hajalisema tena kwa mtu yeyote."

Wing-lok akasimama barabarani muda mrefu, magari yakimpigia honi.

Filamu ikarudi Halowini ilipofika. Pui-yin alikwenda peke yake, sketi nyeusi, nywele amezifunga. Kiti cha kando kilikuwa kitupu. Taa zikazimwa, akatazama mbele ili asikione kiti kile. Maiti akaingia chumbani, akanusanusa, ukumbi ukaanza kucheka, na Pui-yin akahisi kwamba kando yake kuna mtu asiyepumua.

Hakugeuka. Walimtazama wa nne akigonga kizingiti. Kofia ikaanguka. Safari hii Pui-yin alicheka, machozi yakimtoka vilevile.

"Ile lifti," Wing-lok akanong'ona, "uliweka mpaka kengele ya hatari."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mzee wangu wa kazi."

Basi Wing-lok alijua kazi yao. Pui-yin akangoja mkono wake urudishwe mfukoni. Ukaja juu ya wake, wenye vidole vilivyokatwakatwa na karatasi, ukakaa hapo mpaka taa zilipowashwa.

Mkataba ulikuwa umeshatiwa saini. Alikuwa anaondoka kesho yake. Walitembea hadi kwenye zile ngazi za kituo. Pui-yin alimfunga kifungo cha juu cha koti, akamwambia ale vizuri. Kisha Wing-lok akamwambia asiseme kitu, safari hii ameelewa. Akageuka kwanza, kwa heshima, jinsi wanavyogeuka watu wa dukani kwa Pui-yin, akaanza kushuka.

Pui-yin aliutazama mgongo wa koti lile ukizama katikati ya watoto wenye karatasi za njano usoni. Alikuwa na hofu ile ile. Lakini mchana ule ule alikuwa amemwona marehemu baba yake akirudi, akigonga kizingiti, na alifurahi kumwona. Kama neno lile kweli humrudisha mtu, basi na limrudishe.

"Wing-lok."

Akasimama, uso juu, pumzi ameibana.

"Tutaonana tena."