Kasha la Marehemu Santino

Diski iligonga tena. Tak, tak, kimya. Tak, tak, kimya. Ritah aliacha kukata na kuunga video ya harusi aliyokuwa nayo mkononi, akainama na kutega sikio kwenye kasha la kompyuta. Diski zake zote alizijua kwa sauti, jinsi mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto wake, na hii haikuwa yake. Ilitoka chini kabisa, kwenye nafasi ya mwisho, ambayo asubuhi ile yeye mwenyewe aliiacha tupu kwa kukosa diski ya kutia humo.

Alifungua ubavu wa kasha akaingiza mkono. Hapakuwa na kitu. Bati lilikuwa baridi, na hii ni Juba mchana wa Machi, feni inazunguka na kupuliza moto mtupu. Alipotoa mkono, vidole vilinuka chai ya tangawizi na ubani, harufu ya nyumba yenye msiba.

"Norman!" aliita. "Hii kasha ulitoa wapi?"

"Si nilikwambia, Mama Angella? Mtaa wa Juba Na Bari." Mumewe alikuwa amekaa mlangoni, ameinua simu mbele ya uso. Ilikuwa simu mpya, ya kufunguka ikiuona uso wa mwenyewe, na Norman aliifungua hata pale ambapo hakuwa na la kutazama ndani yake. "Kwani iko na shida gani?"

"Inagonga mahali hakuna kitu."

"Basi kama hakuna kitu, nini inagonga?" Akacheka peke yake.

Ritah alimeza hasira. Alikuwa amezimeza nyingi kwa ajili ya kasha hilo. Duka lao la video, pale Kator, liliishi kwa harusi, ubatizo na mazishi, na Ritah hakuwahi kufuta sura ya mtu. Mjini humu nyumba zilishaungua, watu wakakimbia na watoto tu mgongoni, na walipotulia walikuja kwake kuuliza kama bado anazo nyuso za wapendwa wao. Kila ukoo ulikuwa na diski yake. Lakini kasha la zamani lilikuwa na nafasi mbili tu, kwa hiyo diski nyingine zilisambaa mezani, zinaning'inia kwa nyaya. Siku moja mteja alikwaa waya, diski ikaanguka, na harusi ya watu ikafa palepale sakafuni. Ritah alilia kama aliyefiwa.

Ndipo alipomtuma Norman atafute kasha la chuma, zito, lenye nafasi za diski toka juu hadi chini, na lenye matundu ya kupitisha hewa. Bwana akarudi na kasha la kioo lenye taa za rangi kama baa ya Gudele, na ndani nafasi mbili. Mbili! Ritah alimrudisha nalo sokoni kwa maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia. Mara ya pili akaja na hili jeusi, limekwaruzika, nafasi zimepangana kama vyumba vya kupanga. Ritah alifurahi mpaka akasahau kuuliza maswali.

Mchana huo huo akaingia Nyandeng. Alikuwa mama aliyelelewa Eldoret, akarudi Juba na mwanawe mmoja, Ayom, na sasa hakuwa naye tena. Kesho yake ilikuwa misa ya kumkumbuka. Simu iliyokuwa na picha zake iliibiwa, za ukutani ziliungua, na sura ya Ayom ilibaki mahali pamoja tu duniani, katika video ya harusi yake, kwa Ritah.

"Dada, nionyeshe kijana yangu," alisema Nyandeng, akikaa bila kukaribishwa. "Nataka ile anacheka. Hiyo ndiyo niweke mbele ya altare."

"Iko, Mama Ayom. Mimi sifuti kitu."

Video ikafunguka. Maharusi wanatoka kanisani, wanawake wanapiga vigelegele, vumbi linapanda. Ritah aliipiga video hiyo kwa mikono yake na aliijua yote, kwa hiyo alishtuka kumwona, pembeni mwa umati, mtu mwenye kamera ambaye siku ile hakuwapo. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa kizibao cha mifuko mingi, na miwani yake imefungwa kwa uzi mwekundu. Watu walikuwa wakimgeukia mmoja mmoja, kimyakimya, huku vigelegele vikizama, bibi harusi akageuka, wasimamizi wakageuka, na mwisho Ayom naye akaacha kucheka akageuza shingo polepole kumtazama yule mzee, na alipoirudisha kwao, pale palipokuwa na macho na pua na mdomo palikuwa na ngozi tupu, laini, kama goti.

Tak, tak, likagonga kasha.

Nyandeng hakupiga kelele. Alisimama akaweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa, akaweka tena.

"Ni nani amemfuta mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ritah. Si uliniambia iko salama? Nimemzika mara moja, sasa unataka nimzike tena?"

"Hapana, mama, ngoja..."

"Usiniambie ningoje! Nimengoja vya kutosha!"

Ritah alichomoa diski ile akaichomeka kwenye laptopu. Mambo yakawa yale yale, uso hakuna, na mzee wa kizibao amesimama pembeni na kamera yake. Akafungua diski ya ukoo mwingine. Huko pia mzee alikuwapo, na nusu ya umati haina nyuso. Wapiga video wote wa mjini walimjua mtu huyo. Alikuwa Santino wa Juba Na Bari, fundi mkubwa kuliko wote, na alikuwa amefariki wiki ile ile.

Woga ulimshika Ritah. Kisha akamtazama mumewe mlangoni, akaona jinsi alivyoinamisha kichwa, na woga wote ukageuka kuwa hasira.

"Norman. Hii kasha ni ya Santino?"

Norman aliteremsha simu.

"Nakuuliza mbele ya huyu mama. Ulitoa kwa nani?"

"Nilienda kwa bika, kuwapa pole," Norman alinong'ona. Bika ndilo jina la matanga huku Juba. "Nikakaa kwa mkeka, nikakunywa chai. Kijana fulani wa pale akaniambia marehemu iko na kompyuta huko ndani. Diski zake huyo kijana tayari alikuwa ameuza zote, moja moja. Imebaki kasha tu. Nikaona... wewe si ulikuwa unasumbua na nafasi, nafasi?"

"Mikeka ilikuwa bado chini?"

"Bado. Wanainua leo."

"Banange!" Ritah alishika kichwa. "Umekunywa chai ya msiba, halafu umetoa kitu ya maiti kwa mlango ya nyuma, watu wanalia mlango ya mbele? Wewe ni mtu ama fisi?"

Kila mtu Juba anajua kwamba kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla mikeka haijainuliwa, kwa sababu mpaka hapo mwenyewe bado yupo anazunguka vyumbani akiaga vitu vyake; ikishainuliwa, ameondoka na harudi. Na Santino alikuwa ameamka, kwa namna wafu wanavyoamka, akakuta kazi ya maisha yake yote imeuzwa vipande vipande na vyumba vya kasha lake ni vitupu, akaanza kuvijaza kwa nyuso za watu wa Ritah.

Ritah alimwonea uchungu yule mzee. Lakini alimkasirikia pia. Aliinama mpaka mdomo ukagusa bati lile baridi.

"Mzee Santino, mimi na wewe ni wa kazi moja. Wamekukosea, najua. Lakini huyu mama hakukukosea kitu. Kama unataka uso, chukua ya aliyekuibia, acha ya Ayom!"

Kasha likanyamaza. Ritah hakupima maneno yake, maana mwenye hasira hana mizani. Alichomoa nyaya, akatoa diski zake zote na bodi ya kompyuta, akafunika kasha kwa kanga, akamwambia Norman awashe pikipiki.

Njia nzima kasha lilikuwa likizidi uzito mapajani mwake. Walipofika Juba Na Bari jua lilikuwa bado juu, na watu wamejaa uani, wengine wameanza kukusanya viti. Norman alisimamisha pikipiki nje ya ua, helmeti kichwani, kioo chake cheusi kimefunika uso.

"Shuka," alisema Ritah.

"Ingia wewe tu. Mimi wataniona mwizi."

"Wewe ni mwizi! Shuka, wakuone!"

"Mama Angella, tafadhali. Mimi nabaki hapa."

Alimwacha. Aliingia mwenyewe, amelikumbatia kasha, na wanawake waliokuwa mkekani wakampisha. Mjane, Nyibol, aliyekuwa amejifunga kaniki, hakushangaa. Aligusa kasha kwa vidole viwili.

"Kila siku mimi nasikia yeye natafuta huko ndani," alisema. "Yeye nafungua mlango, nafunga mlango. Nani nachukua?"

"Bwana yangu, mama. Malesh. Tunaomba msamaha."

"Iko wapi yeye?"

"Iko nje."

Nyibol alitazama nje ya ua, akaiona ile helmeti.

"Yeye nakaa hapa, nakula hapa. Yeye naingia, naonyesha mimi uso yake, mimi nasamehe, kalas, basi. Mwambie yeye nakuja."

Ritah alitoka akamwambia. Alimwomba, akamtukana, akamvuta shati. Norman alishikilia usukani na kutikisa helmeti. Ritah aliporudi uani peke yake, mjane alichukua bakuli la maji. Alinyunyizia kasha maji kwa mkono, akasema na mumewe kwa lugha yao, taratibu, kama anayemwamsha mtu aende kulala kitandani. Kutoka ndani ya chuma kile kitupu ikasikika tak moja, kisha basi.

"Amekubali," alisema Nyibol. "Watu yako narudi. Ile ya nje, mimi sijui."

Nyandeng alikuwa amengoja dukani, hakuondoka hata kunywa maji. Ritah alichomeka diski kwenye laptopu. Vigelegele vikalia, vumbi likapanda, pembeni mwa umati hapakuwa na mzee yeyote, na Ayom akatoka kanisani akicheka meno yote nje. Nyandeng akaangua kilio, akikibusu kioo na kumwita mwanawe jina lake la utotoni. Ritah alichapa picha ile kubwa kuliko alivyoombwa, na mama akaondoka nayo kifuani.

Ndipo aliposikia Norman akisonya mlangoni.

"Mama Angella, hii simu imeharibika." Aliinua simu mbele ya uso, ikakataa. Akafuta kioo kwa shati, akageukia kwenye mwanga, ikakataa.

Ritah aliivuta laptopu. Alifungua diski yao wenyewe, harusi yao ya Arua. Bibi harusi alikuwapo, mchungaji alikuwapo, mashangazi wote walikuwapo. Kando ya bibi harusi ilisimama ile suti nyeusi ya Norman, aliyoipiga pasi Ritah kwa mkono wake, pete kidoleni, na juu ya kola ngozi tupu, laini. Akafungua ubatizo wa Angella. Mtoto alikuwa anacheka, amebebwa na mtu asiye na uso.

"Vaa viatu!" alipiga kelele. "Twende, sasa hivi, uingie uanguke chini mbele ya huyo mama!"

Lakini barabarani lori lilikuwa linapita kwa polepole, kutoka upande wa Juba Na Bari, limebeba viti vya kukodi, masufuria ya msiba, na juu yake mikeka, imekunjwa na kufungwa kamba.

Norman hakuliona. Alikuwa ameinua simu tena, ameisogeza karibu kabisa, anangoja imjue.