Daftari la Baba Sabrina

Kila siku kabla ya kengele ya shule, Benadetha alipanga ndoo zake nne kwenye kioski cha maji cha Mtaa wa Mikuyuni, mjini Babati. Mama yake, Anjela, ndiye aliyechaguliwa na majirani kushika ufunguo wa kioski. Lakini tangu mwezi wa pili, ndoo moja ilijaa kwa nusu saa, na foleni ilifika barabarani.

Sababu ilijulikana. Mtendaji wa mtaa, Bwana Rogath, alikuwa amechepusha maji ya watu kwa bomba la siri ili kumwagilia migomba yake. Majirani walinung'unika jikoni, lakini wakifika ofisini kwake walisema shikamoo na kuinamisha vichwa. Anjela peke yake ndiye aliyekwenda kulalamika. Mara tatu alikwenda, na mara tatu aliambiwa asubiri mafundi, mtu mzima anadanganywa mchana kweupe.

Ndipo Benadetha alipopata wazo. Alikuwa darasa la saba, hodari wa kompyuta, na alijiamini kupita kiasi. Redioni alimsikia mwandishi wa habari aitwaye Tunu akiwaomba wasikilizaji wamwandikie kwa barua pepe inayosimbwa, yaani ile ambayo maneno yake hugeuzwa kuwa herufi zisizosomeka mpaka yamfikie anayeandikiwa.

"Hata serikali haiwezi kuisoma, mama," Benadetha aliapa. "Sema yote."

Anjela akasema yote. Benadetha akayaandika, na jina la mama yake chini, kwenye kompyuta ya steshenari, duka la kuchapisha na kutuma barua, la Hatibu, ambaye watoto humwita Baba Sabrina. Kabla ya kuondoka, aliandika jina lake, anwani ya barua pepe na neno la siri katika daftari kubwa la mezani, kama walivyofanya wateja wote. Karibu nusu ya mtaa ilikuwa humo: waombaji wa kazi, wazazi wanaosubiri majibu ya vyuo. Watu husahau, na Baba Sabrina aliwafungulia walipokuja.

Baada ya siku tano, Tunu alimpigia Mtendaji simu kumuuliza habari za bomba. Kesho yake jioni Mtendaji alifika kwa Anjela na karatasi mkononi. Ilikuwa barua ile ile, neno kwa neno. Alimnyang'anya ufunguo mbele ya wanawe, akasema Jumamosi ataisoma kwenye mkutano wa mtaa ili watu wamjue mchochezi.

Alipoondoka, Anjela alimgeukia binti yake.

"Uliniapia," alisema. "Ufunguo ule nilipewa na watu. Sasa wataambiwa mimi ni mchochezi."

Benadetha alikasirika. Aliikasirikia kompyuta, akaikasirikia redio, akamkasirikia na Tunu asiyemjua hata kwa sura. Asubuhi alimwendea Mwalimu Xaveria, anayewafundisha kompyuta, akamwamkia haraka haraka na kumwambia kwamba kusimba barua ni uongo mtupu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Neno la siri umeliweka wapi?" aliuliza.

Benadetha akamweleza habari za daftari la Hatibu.

Saa za mchana walikwenda pamoja steshenari. Hatibu hakukana. Alisema Mtendaji alikuja kumtafuta aliyemwandikia Tunu, akapekua daftari mwenyewe, akaliona jina la Benadetha, akaamuru barua ifunguliwe na kuchapwa.

"Alikuwa na hati yoyote ya kisheria?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, yule ni serikali. Serikali ikisema fungua, mimi na kaduka kangu nitasema nini?"

"Useme, nioneshe hati." Sauti ya Mwalimu Xaveria ilikuwa imebadilika. "Mtu anayetetea migomba yake si serikali, Hatibu. Umemfungulia mwizi wa maji barua ya mama wa watu."

Hatibu akalifungua daftari mbele yao. Benadetha alitamani hasira yake yote imwishie huyo, lakini mwandiko uliokuwa daftarini ulikuwa wake mwenyewe. Jioni alimweleza mama yake ukweli wote, bila kujificha nyuma ya Hatibu.

"Jumamosi tutakwenda," alisema Anjela. "Sikuandika uongo."

Mkutanoni Mtendaji alisoma kwa dhihaka. Aliposoma salamu, wachache walicheka. Alipofika kwenye mistari ya foleni, hakuna aliyecheka, maana foleni waliijua miguuni. Hapo akakunja karatasi.

Anjela akasimama. "Endelea kusoma, Mtendaji. Hujafika kwenye bomba."

Mtendaji alisema muda umekwisha. Mama mmoja, Anifa, akajibu kwamba yeye anao muda tele, kwa kuwa ameuzoea kwenye foleni. Wengine wakamuunga mkono, na hasira ya miezi mingi ikapata mdomo. Ndipo Hatibu alipopita mbele, uso umemsawijika kwa aibu.

"Nilikosea kuifungua barua bila ruhusa yako, Mama Benadetha," alisema. "Leo naomba ruhusa. Niimalizie?"

Anjela akatikisa kichwa kukubali. Hatibu akaichukua karatasi, akasoma mpaka mwisho, na watu wakainuka wote kwenda kwenye migomba. Bomba walilikuta limefunikwa kwa majani makavu. Wiki haikuisha kabla mafundi hawajalikata, Mtendaji akaitwa kwa wakubwa wake kujieleza, na ufunguo ukarudi kwa Anjela.

Jumatatu Hatibu aliwaita wateja wake, kila mmoja akate mstari wake kwenye daftari. Benadetha alikata wa kwake kwa mkasi, Mwalimu Xaveria akiwa pembeni.

"Kusimba hakukudanganya," mwalimu alimwambia. "Kulilinda barua njiani. Hata huko njiani, wenye mamlaka wanaweza kujua nani kamwandikia nani, kama mtu anavyosoma bahasha bila kuifungua. Lakini mlango wa nyumbani uliuacha wazi wewe. Usimwapie mtu usalama usioujua mwisho wake, na usimpe mtu ufunguo wako kwa sababu wote wanampa."

Benadetha alikichanachana kile kikaratasi. "Bado nina hasira, mwalimu."

"Hiyo usiifiche," alisema Mwalimu Xaveria. "Mama yako angeficha yake, mngekuwa kwenye foleni mpaka leo."