Kinga ya Persis

Mvua haikuwa imeanza, lakini ukuta wa chumba cha Persis ulikuwa umelowa. Aliupangusa kwa leso kuukuu. Ukalowa tena palepale, kimo cha kifua cha mtu.

"Na hii El Niño, kila kitu kinavuja," shemeji yake Ombui alisema kutoka uani, akicheka. "Hata ukuta unakulilia."

"Unalowa kwa ndani, Ombui. Nje ni mkavu."

Ombui akacheka tena.

Mumewe Persis, Mogire, alikuwa amekufa kwa ule ugonjwa ambao watu wa Keumbu walikuwa wakiuita kifua. Mke mwenza akafuata. Persis, aliyelala kitanda kilekile, aliendelea kubeba mikungu ya ndizi hadi sokoni, mashavu yamejaa. Hilo ndilo watu walishindwa kumsamehe. Mwanamke akikonda husemwa, akinawiri, huhukumiwa.

Asubuhi hiyo walikuwa wametoka kliniki mjini Kisii, yeye na mama mkwe wake Eucabeth. Daktari Jayshree, binti wa mwenye duka la vitambaa, alimwambia polepole: "Virusi unavyo, Persis, ila vimeshindwa kukuangusha. Virusi hutafuta mlango wa kuingilia kwenye chembe za damu. Wengine wetu tumezaliwa na milango iliyoumbwa tofauti kidogo. Bado tunachunguza, lakini nadhani una kinga uliyorithi kwa wazazi wako."

Kiswahili cha Eucabeth kilikuwa cha sokoni. Katika maneno yote hayo alidaka moja: kinga. Na kinga, kwa alivyoijua yeye, ni kitu cha mganga, huzikwa langoni, hugawiwa watu wa nyumba. Basi mkamwana wake alikuwa nayo siku zote, akamwacha Mogire afe.

Walipofika nyumbani alimtia Persis chumbani, akafunga kufuli kwa nje.

"Mama, fungua. Kinga aliyosema daktari si dawa. Ni mwili tu."

"Uliambiwa mbele yangu. Mwana mmoja umemla. Huyu aliyebaki utamgawia."

Ombui aliwekwa mlangoni kulinda. Mwanamume mzima, amemaliza kidato cha nne, akakalia kigoda kama alivyoagizwa.

Ndipo kubisha kukaanza. Kulikuwa kwa upole, kama kwa mgeni mwenye adabu.

"Ombui, ni wewe?"

"Nitabishaje mlango niliouegemea?"

Sauti ilitoka ukutani, pale palipolowa. Ikazunguka chumba, ikapita chini ya kitanda, na harufu ya shuka za Mogire katika miezi yake ya mwisho ikapanda kutoka sakafuni, jasho na dawa na uji uliochacha, hadi Persis akabana pua, akagundua kwamba kubisha sasa kulikuwa mgongoni mwake, kisha kwenye mbavu, kisha chini ya ngozi ya shingo, kitu kinapapasa kama kipofu anayetafuta kitasa katika nyumba ambayo ameshaingia sebuleni lakini vyumba vyote vimemkatalia, na akaelewa kwamba huyu ni jini, kwamba hakuwa na pa kupita kwenda mbele wala pa kutokea, kwamba kufuli ya Eucabeth ilikuwa imewafungia wote wawili.

"Ombui," alinong'ona. "Nitoe. Yumo."

"Nani?"

"Aliyemchukua ndugu yako."

Kigoda kiliburutwa, kikasogezwa mbali na mlango.

Alasiri, katikati ya mvua ya mawe, mganga Manasseh aliingia na wembe. Eucabeth alikuwa ameshamweleza habari za huyo anayebisha, alizozipata kwa Ombui: kama angekuwa ekerecha, mzimu wa ukoo, angeitisha mbuzi, lakini huyu haitishi chochote. Manasseh akasema huyo ni jini, amekalia kinga. Akitolewa kwa chale, kinga ipewe kijana.

Alimchanja Persis mkononi. Damu ikatoka. Akamgeukia Ombui na wembe uleule.

"Badilisheni wembe," Persis alisema. "Nifanyeni mtakavyo, lakini badilisheni wembe. Kinga haipiti hivyo. Ugonjwa ndio unaopita."

"Mnaona choyo," Eucabeth alisema.

Ombui alisita. "Mama, na kama ni kweli?"

"Nyoosha mkono."

Persis alimrukia Manasseh. Eucabeth akamkumbatia kwa nyuma kwa nguvu zote za mama aliyekwisha kuzika mwana. Ombui akanyoosha mkono.

Ukuta ukakauka mbele ya macho yao. Harufu ikaisha. Manasseh akatabasamu kama fundi aliyemaliza kazi, na Eucabeth akaacha mlango wazi. "Nenda kwenu Sironga. Hatuna deni."

Persis alitoka, akashindwa kuvuka ua. Mvua ilikuwa imekatika. Jikoni kwa Eucabeth, mlango ukiwa wazi na jua limeingia hadi mafigani, Ombui alikuwa akinywa chai.

"Mama, nani anabisha?"

"Hakuna mtu. Kunywa."

"Yupo. Sikiliza."

"Usiitike," Persis alisema kutoka uani. "Ombui, tafadhali, usiitike."

Lakini alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Aliweka kikombe chini, akagusa kifua pale sauti ilipotokea, akasema, "Karibu."