Chombo Kiitwacho Osinya

Mtoto alipofikisha siku nne bila kunyamaza, Senge Elinah alikuja asubuhi kumpa jina, na kompyuta ikakohoa.

Ilikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kutoka sebuleni ambako hapakuwa na mtu. Loy, aliyekuwa kitandani na kichanga kifuani, alidhani ni mumewe. Lakini Mangeni alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa chumba, midomo imefungwa, macho yamemtoka.

Kwa watu wa nyumba ile, Wasamia wa Busia upande wa Uganda, mtoto anayelia bila kukoma huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Likifikiwa lake hunyamaza na kushika ziwa. Ni Wakristo, Jumapili wako kanisani, lakini jambo hilo hakuna aliyewahi kuliacha, na anayeita ni shangazi, yaani senge. Safari hii hapakuwa na shaka. Tangu mimba ikiwa changa Loy alikuwa akimwota baba mkwe wake, Mzee Osinya, aliyefariki mwaka uliopita. Basi Senge, dada wa marehemu, alianza na jina hilo. Mtoto alizidi kulia, na kilichoitika kikawa ni kompyuta.

Kikohozi kile wote walikijua. Mzee hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa akifika mlangoni anakohoa mara mbili, kisha anaingia na harufu ya saruji, maana miaka thelathini alikuwa akipakia mifuko ya saruji kwenye malori huko Tororo. Sasa harufu ile ile iliingia chumbani, ikafunika harufu ya maziwa na ya poda ya mtoto.

Senge aliuliza polepole ni nani aliyeliita jina la kaka yake kabla yake.

Mangeni alijikuna shingo, halafu akasema yote. Kazi yake ilikuwa kuandaa karatasi za malori pale mpakani, na akitoka kazini alikuwa na gemu ya kurusha ndege, na kiti chake, na vipokea sauti vyake vya masikioni. Mwezi uliopita alipakua mtandaoni chombo cha kwenda angani, kitu cha kubuni kisichokuwepo duniani, kilichotengenezwa na mtu asiyemjua ili watu wakiongeze kwenye gemu zao. Hakina mabawa wala panga boi. Kinainuka wima kutoka kiwanja kidogo cha Tororo, kinaupita mwamba mkubwa wa mji huo kwa kufumba na kufumbua, kinapanda mpaka mbingu inageuka nyeusi mchana kweupe. Kabla ya kuruka, kisanduku kwenye skrini huuliza jina la chombo, na hakikubali kuachwa kitupu. Mangeni aliandika OSINYA. Halafu, kama kwamba hilo halikutosha, alisema kwa sauti, "Osinya, twende."

Mzee hakuwahi kupanda ndege, na mwanawe alikuwa amemwahidi. Ahadi nzuri. Lakini mke ana mimba ya miezi minane, jina limeshawekwa, na mtu mzima mwenye digrii yake analichukua na kulibandika kwenye mchezo! Hakujua kwamba marehemu akiitwa huja? Alijua. Kila mtoto wa ukoo ule anajua. Alijisahaulisha tu, na mimi sitamtetea.

"Amekuja, amekaa kule," Senge alisema kwa sauti ya chini. "Wewe napatia yeye kiti ya chuma. Huyu mtoto nabaki bila mwenyewe."

Walikwenda sebuleni wote. Loy alimwambia mumewe akifute. Mangeni alibonyeza, na maandishi yakatokea: faili hili haliwezi kufutwa, linatumiwa na Osinya. Loy alichomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe, skrini ikazima, taa ndogo zote zikazima, lakini mngurumo wa chombo uliendelea, mzito na wa chini, ukipanda kutoka miguu ya meza mpaka kwenye meno ya waliosimama pale, na nje jua lilikuwa linawaka, jirani anaanika nguo zake kwenye kamba kana kwamba hakuna lolote, na katikati ya mngurumo ule kikasikika kikohozi mara mbili, kama cha mtu aliyefika mlangoni pasipo na mlango.

Siku ya tano mtoto aliacha kulia kwa nguvu. Kliniki walimpima na hawakuona ugonjwa wowote. Ziwa alilikataa, maziwa ya kijiko yalimtoka pembeni mwa mdomo, na utosi wake ukaanza kubonyea. Siku ya sita, saa tisa alasiri, Loy alitoka chumbani na mtoto mkononi, akamkuta mumewe kwenye kile kiti, vipokea sauti masikioni, skrini inawaka na waya bado uko sakafuni. Chombo kilikuwa kinazunguka juu ya mashamba ya Mella, jirani na Tororo, hakiendi juu wala hakitui. Mangeni alikuwa anatabasamu. Anatabasamu, na mtoto wake anakauka nyuma yake!

Senge, aliyekuwa hajaondoka tangu siku ile, alimtoa vile vitu masikioni na kumwambia linalotakiwa. Mzee hatatoka kwenye kiti mpaka mwingine akae. Jina libadilishwe. Mangeni aliandika jina la mbwa wa jirani, herufi zikafutika moja moja mbele ya macho yao. Aliandika jina la dereva mmoja wa malori, likafutika vile vile. Senge akasema linatakiwa la mtu hai wa nyumba ile, na Mangeni akaondoa mikono mezani.

"Mama Patience, ngoja kidogo," alimnong'oneza mkewe. "Mzee naongea na mimi. Naniambia vitu hakuwahi kuniambia. Nipe kesho tu."

"Kesho mtoto nakufa."

"Siku moja."

Hapo Loy aliwaka. Alikuwa na hasira ya siku sita, na chini yake hasira ya miezi, ya kuzungumza na mgongo wa mtu kila jioni. Tangu waoane hajawahi kulitamka jina la mumewe. Alikuwa Baba Patience, kwa jina la binti yao wa miaka sita, na heshima hiyo hakuivunja hata walipogombana. Alimkabidhi Senge mtoto, akapitisha mkono juu ya bega la mume, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, MANGENI. Akabonyeza.

Jina halikufutika.

Mngurumo ulikatika. Senge alimwinamia mtoto akaita, "Osinya." Mtoto alifumbua macho, akageuza kichwa kutafuta ziwa.

Mzee alikuwa ametoka, na mwingine alikuwa amekaa. Mangeni anakula akipewa, anakwenda kazini, ukimwita Baba Patience anageuka. Ukimwita kwa jina lake hageuki. Sauti yake inaitika sebuleni, kwenye mashine isiyo na waya, na kila alasiri inamwomba mkewe.

"Mama Patience. Huku iko giza mchana. Andika jina ingine."

Wiki tatu Loy alipita bila kuigeukia skrini, lakini moyo ulikuwa unamuuma, na siku moja alisimama mbele ya skrini na vidole vyake vikagusa kibodi. Alisema kwa unyonge kwamba jina jingine hana, amtoe wapi mtu.

Sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayekumbusha chumvi, "Si Patience iko?"

Loy aling'oa kibodi pamoja na uzi wake, akatoka nayo mpaka nyuma ya nyumba, akaitumbukiza kwenye shimo la choo na kusikiliza mpaka ilipofika chini. Halafu alinawa mikono kwa sabuni na kurudi ndani kumnyonyesha Osinya.