Meno ya Babu Yaliyopelekwa kwa Televisheni

Katika nyumba nyingine watu huamka wakakuta vikombe mezani. Katika nyumba ya Shangazi, watu huamka wakakuta meno. Meno ya juu, meno ya chini, magego mawili matatu, yote yamepangwa kwenye trei yakisubiri kupigwa msasa. Shangazi alikuwa fundi wa meno ya bandia, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, ambako mashine ya kuchonga iliunguruma kutwa.

Aliishi na mtoto wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye kila mtu alimwita Vidole. Msidhani aliitwa hivyo kwa sababu ya uzuri wa vidole vyake. Mtoto huyu hakuwahi kukutana na kitufe asikibonyeze. Pasi, feni, kengele ya mlango wa jirani, yeye aligusa kwanza, maswali baadaye. Wakati wa likizo kazi yake ya asubuhi ilikuwa kufagia unga mweupe uliomwagika chini ya mashine, kisha afuate madaftari yake.

Jumatano moja Shangazi alimkabidhi ufagio na kumtazama usoni.

"Leo sitaki mchezo," alisema. "Leo tunachonga meno ya babu yako."

Babu aliishi mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Alikuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa shule moja huko, na Jumamosi shule hiyo ingetimiza miaka hamsini. Babu ndiye angetoa hotuba mbele ya wanafunzi elfu moja. Lakini wiki iliyotangulia meno yake yalikuwa yamevunjika vipande vitatu. Alimwambia kila mtu kuwa paka aliyasukuma kutoka dirishani, na tangu siku hiyo paka yule alikuwa akitazamwa kwa jicho baya.

Daktari wa meno wa huko alishapiga picha za kinywa cha Babu. Picha hizo zilipaswa kutoka kwenye kompyuta yake na kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta ya Shangazi. Kinywa cha mtu ni siri yake, kwa hiyo kompyuta hizo mbili zilizungumza kwa njia iliyofungwa kwa funguo, asichungulie mtu. Mashine ingechonga usiku kucha, Alhamisi Shangazi angeyang'arisha, na Ijumaa yangepanda basi. Ila daktari angefunga kliniki saa kumi jioni na kesho yake asingekuwepo. Picha zisipofika kabla ya saa kumi, Babu angehutubia na ufizi mtupu.

Saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Mama, natuma picha lakini hazipokelewi," alisema daktari. "Kompyuta yangu inabisha hodi, kwako hakuna anayeitikia. Tatizo liko kwako."

Shangazi akamwita fundi wa mitandao, mwanamume mnene mwenye mkoba uliojaa nyaya. Fundi hakuwa hata ameketi alipotoa hukumu.

"Dada, tatizo liko kwa daktari. Kazi niliyoifanya mimi haiharibiki."

"Shikamoo, Fundi," alisema Vidole.

"Marahaba. Hebu sogea nipite." Akaingia chini ya meza, akajigonga kichwa, akalaumu meza.

Alipotoka alikuwa na kile kisanduku chenye taa za kijani kinachogawa intaneti nyumbani, yaani ruta. Vidole alikuwa akikitazama kwa macho makubwa, basi fundi akaona amepata mwanafunzi.

"Huyu ni mlinzi wa getini," alisema. "Kwa watu wa nje, nyumba hii ina anwani moja tu, ya geti. Humu ndani kila kifaa kina namba yake, lakini huko nje hakuna anayezijua. Barua ikifika, mlinzi anafungua daftari lake, anafuta anwani ya geti, anaandika namba ya ndani, anaipeleka. Sasa barua ya siri ina lakiri, ule muhuri wa kuifunga. Zamani mlinzi akishafuta anwani, lakiri ilionekana imechezewa, barua ikakataliwa. Ndiyo maana siku hizi bahasha ya siri tunaivika bahasha nyingine juu. Mlinzi aandike anavyotaka, ya ndani haiguswi."

"Na mlinzi anajuaje ampelekee nani?"

"Nilimwandikia mwenyewe, kwa mikono hii! Anayebisha kutoka kwa daktari, mpeleke kwa namba ishirini. Namba ishirini ni kompyuta ya shangazi yako."

Ufagio wa Vidole ukasimama.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shangazi aliamuru ruta ifunge intaneti kwa vifaa vyote kuanzia saa kumi jioni ili mtoto asome. Ni namba ishirini peke yake isiyofungwa, kwa sababu ya kazi. Na nenosiri la ruta, Shangazi asije akalisahau, alilibandika chini ya ruta yenyewe. Jana mchana Vidole aliigeuza ruta, akalisoma, akaingia kwenye daftari la mlinzi. Televisheni akaipa namba ishirini, kompyuta ya Shangazi akaipa ishirini na moja. Jioni nzima alitazama katuni kwa sauti ya chini huku Shangazi akipiga msasa magego ya watu.

"Nitasema," aliwaza. Kisha akautazama uso wa Shangazi. "Nitasema baadaye kidogo."

Fundi alimpigia daktari simu na kumwomba abishe tena. Akafuata hodi ile hatua kwa hatua kwenye kompyuta yake ndogo, akisoma kwa sauti.

"Imefika getini, vizuri. Bahasha ni mbili, vizuri. Mlinzi ameipeleka kwa ishirini, vizuri sana. Ishirini ipo, iko macho kabisa... lakini haijibu. Imenyamaza tu, dada. Kama mtu aliyenuna."

Vidole akapata wazo, na wazo lilikuwa bovu. Aliona akizima televisheni, namba ishirini itarudi yenyewe kwa mwenyewe. Akanyata mpaka sebuleni, akachomoa waya ukutani.

"Ala!" Sauti ya fundi ilitoka karakana. "Ishirini imezimika!"

"Imezimikaje?" aliuliza Shangazi. "Si hii hapa inawaka mbele yako?"

"Naiona inawaka. Na hapa imeandikwa imezimika!"

Vidole aliogopa, akarudisha waya.

"Imefufuka!" alipiga kelele fundi.

Akauchomoa tena, labda mara ya kwanza haikutosha.

"Imekufa tena!"

Alipourudisha mara ya pili, fundi aliomba maji ya kunywa. Akanywa glasi mbili akiikodolea macho kompyuta, akasogeza kiti chake nyuma kidogo. Walizima kila kitu wakawasha upya. Walibadilisha nyaya zote. Walipigiana simu na daktari mpaka wakaanza kununiana. Chakula cha mchana kilipoa mezani, na wateja wawili waliofuata meno yao waliambiwa warudi kesho. Kila mara Vidole alipofungua kinywa aseme, alikuta saa zimeongezeka na kosa limenenepa.

Saa nane na nusu Babu alipiga simu. Shangazi aliweka sauti kubwa, maana mikono yake ilikuwa imejaa nyaya.

"Usijisumbue tena, mwanangu," alisema Babu polepole. "Nimeongea na mwalimu mkuu wa sasa. Ataisoma yeye hotuba yangu. Mimi nitakaa pale jukwaani, nimefumba mdomo. Inatosha."

"Lakini Baba, umeiandika miezi mitatu!"

"Basi wataisikia kwa sauti ya mwingine."

Kila Jumapili Babu alikuwa akimsomea Vidole hotuba ile kwenye simu, akimuuliza pale pa kuchekesha panachekesha kweli. Vidole aliijua karibu yote kwa moyo. Machozi yakamtoka kabla maneno hayajatoka.

"Shangazi," alisema, "namba ishirini ni televisheni."

Fundi aligeuka taratibu, akatazama sebuleni, akamtazama Vidole.

"Unataka kuniambia," alisema, "tangu asubuhi tunaipelekea televisheni meno?"

"Ndiyo. Nilibadilisha jana. Na waya nilikuwa nauchomoa mimi. Nisameheni."

"Vidole!" Shangazi alisimama, trei ya magego ikatikisika. "Saa tatu ulikuwa hapa na ufagio mkononi. Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Halafu kila nilipochelewa nikazidi kuogopa."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Fundi naye alikuwa akijikuna shingo, kwa sababu namba ya kompyuta ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye skrini siku nzima, na yeye hakuitazama hata mara moja.

"Nilijua niliiweka mwenyewe," alinong'ona. "Nikaangalia kila kitu isipokuwa kazi yangu."

Kurudisha namba kulichukua dakika tano. Daktari akabisha hodi, kompyuta ikaitikia, funguo zikakubaliana. Saa tisa kasoro kinywa cha Babu kilitokea kwenye skrini, kipana, chekundu, hakina hata jino moja, na Shangazi aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi akaangua kicheko mpaka akashika meza.

"Sasa sikiliza," alisema alipotulia. "Wiki mbili hakuna katuni. Nenosiri linatoka chini ya ruta, hilo ni kosa langu. Na wewe utaandika orodha ya kila kifaa na namba yake, uibandike ukutani."

"Ndiyo, Shangazi."

Jumamosi, kwenye uwanja wa shule ya Babu, Vidole aliketi mstari wa mbele. Babu alisimama jukwaani na meno meupe kuliko karatasi aliyoishika. Alisoma hotuba, sehemu ya kuchekesha ikachekesha, kisha akaukunja ukurasa wa mwisho na kuutia mfukoni.

"Watoto wangu," alisema, "meno haya nusura yasifike. Mtoto mmoja, sitamtaja, alificha kosa lake." Wanafunzi elfu moja walimtazama msichana wa mstari wa mbele aliyejifunika uso. "Angelisema saa tatu, lingetengenezwa kwa dakika tano. Alilificha, likala siku ya watu wazima watatu. Lakini mwishoni alisema mwenyewe, bila kukamatwa, na ndiyo maana leo nina meno ya kusemea. Ukikosea, sema mapema. Aibu utaipata tu, bora uipate ikiwa bado ndogo."

Akakohoa.

"Na mtoto akiweza, mzee ashindwe? Paka wangu hana hatia. Meno yale niliyaweka kwenye kiti, nikayakalia mwenyewe."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko, na Vidole akaondoa mikono usoni akacheka kuliko wote. Babu aliinama, akapapasa kiti chake kwa makini, ndipo akakaa.