Sanduku la Usajili la Moto wa Jirani

Mwizi aliyeingia ofisi ya shirika la hisani la Moto wa Jirani aliacha kompyuta, akaacha mashine ya kahawa, akabeba sanduku moja la kijivu lenye karatasi za usajili. Tangu ajiunge na polisi wa Coulter Falls, Pennsylvania, Inspekta Ray Kuchar hakuwahi kuona wizi wa kipuuzi namna hii.

"Jumatatu jimbo linanipigia simu, eti usajili wetu ulikwisha miaka miwili iliyopita," alilalamika Duane Petrosky, mwenye bucha, ambaye ndiye mwenyekiti wa shirika. "Leo Jumatano ushahidi umeyeyuka!"

"Ushahidi gani?"

"Nakala za fomu. Bi Verna anasema alizituma. Bila usajili haturuhusiwi kumwomba mtu mchango hata wa senti, Ray. Wazee wa nyumba thelathini na moja wanangoja mafuta ya kupashia nyumba joto, na theluji ndiyo hiyo inakuja."

Kuchar alikagua kitasa. Hakikuvunjwa.

"Ufunguo mnao wangapi?"

"Mimi na Bi Verna tu. Usinitazame hivyo! Na yeye usithubutu kumfikiria."

Nani angethubutu? Verna Gethin alikuwa karani wa kaunti miaka thelathini na minane kabla ya kuwa katibu wa shirika. Alichokiweka mezani watu walisaini, wakarudi kwenye soga zao. Kuchar alikwenda kwake na soni usoni.

"Ngazi zinalia, Ray," alisema bibi yule akifungua mlango. "Punguza mkate."

Alimmiminia kahawa. Ikajaa kikombe, ikafurika kwenye kisahani, naye bado anamimina.

"Jana jioni ulikuwa wapi, Bi Verna?"

"Hapa. Ulidhani nilikwenda dansini?"

"Fomu ulizituma lini?"

"Kwa wakati wake."

"Mwezi gani?"

"Leseni yako ya ndoa nani aliigonga muhuri? Leo unanihoji kama kibaka?"

Kuchar akachukua karatasi ya maelezo, akaandika mistari mitatu, akamsogezea.

"Soma. Ukiridhika, saini."

Aliishika mbele ya macho kwa muda unaomtosha mtu kusoma. "Sawasawa kabisa," akasema, akasaini juu ya maneno yenyewe.

Kuchar alijiona mshenzi.

"Nimeandika kwamba sanduku umelichukua wewe, Bi Verna."

Akaiweka kalamu mezani.

"Umenifanyia hila mezani kwangu."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Macho yalianza kuniacha mwaka juzi. Katikati pana doa, herufi zote zinazama humo. Barua za jimbo zikawa zinakuja. Mimi niliyewasomea watu wa kaunti nzima, nimwombe nani anisomee? Nikasema kesho, kesho. Duane alipouliza, nikadanganya. Nilipoona atalifungua sanduku, nikalihamisha." Akafunika uso. "Wazee watalala na baridi kwa sababu ya aibu yangu, Ray. Mwizi angekuwa na nafuu."

Sanduku lilikuwa chini ya ngazi. Ndani mlikuwa na barua saba, hakuna iliyofunguliwa. Chini yake, fomu mbili za kuhuisha usajili, tupu. Hata jina la shirika halikuandikwa. Mwishoni viongozi wawili walitakiwa kuapa kwamba wameisoma fomu na yaliyomo ni kweli. Duane alikuwa ameapa. Aliyefuata alikuwa makamu mwenyekiti, Raymond Kuchar.

Alikumbuka kwa shida. Ukumbi wa zimamoto, bakuli la supu ya kabichi mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Cheo chenyewe alikikubali ili Duane aache kumsumbua, kisha wote wawili wakakisahau.

"Kuna nini tena?" aliuliza Bi Verna.

Kuchar alitamani kudanganya, na kutamani huko kukamtia haya zaidi.

"Saini yangu. Mara mbili. Niliapa kwamba nimesoma ukurasa mtupu."

"Na macho unayo."

"Ninayo, bibi. Yote mawili, mazima."

Alimpigia Duane, akamwambia asitishe mchango uliopangwa Jumamosi. Akampigia mkuu wa kituo amtume mpelelezi mwingine, kwa kuwa huyu aliyepo naye ni wa kuhojiwa. Kisha akaketi karibu na Bi Verna, akachana bahasha ya kwanza, akaanza kumsomea.