Kibanda Kisicho na Dirisha

Rafiki yangu Curtis, na digrii yake ya kupamba ukuta, alipata kibarua cha kupasha moto kibanda cha wageni wa uvuvi, juu ya ziwa lililoganda Minnesota. Hakina dirisha, giza ndilo linalomwonyesha mvuvi samaki kwenye tundu lililotobolewa barafuni.

"Msomi, nawafuata wageni," akasema Merle, kiongozi wa wavuvi. "Nikirudi nagonga mara mbili. Usimwage maji mlangoni, yataganda na mlango hautafunguka!"

Curtis akasafisha tundu, maji akayamwaga palepale mlangoni. Mlango ukagoma. Akausukuma kwa bega mpaka akachoka. Hatimaye akasikia buti zikija.

"Merle! Vuta, kaka, nimenasa!"

Hatua zikakoma. Kisha akasikia kitu kikigonga mara mbili, taratibu, kutoka chini ya barafu aliyokuwa amesimama juu yake.